Msanii Naye Ana Ujira Wake

Bei ya kahawa inapoanguka, kama ilivyoanguka mwaka 1989 baada ya mapatano ya nchi wauzaji na wanunuzi kuvunjika, mkulima wa Karagwe na Kyerwa hununua kwanza chumvi na sabuni. Mchoraji na mchongaji hungoja. Twauliza: wamngoje nani?

Zamani jibu lilikuwapo. Stanley alipofika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina yenye mikuki na sanamu za wanyama za shaba. Mhunzi alikuwa na dola iliyotaka kazi yake. (Hatusemi ufalme urudi!)

Hata Marekani, nchi ya mabepari, ilipobanwa na dhiki kuu ilianzisha mwaka 1935 mpango wa kuwaajiri wasanii. Hadi 1943 maelfu yao walilipwa ujira, wakachora kuta za shule na hospitali, wakafundisha watoto wa makabwela.

Kwetu upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, nao hukopesha. Ni jambo jema. Lakini asiye na mnunuzi atalipa deni kwa nini? Twaona serikali yenyewe iwe mnunuzi. Wilaya ya Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ilihitaji majengo yake. Penye jengo la umma mwashi hulipwa, seremala hulipwa, mpaka rangi hulipwa. Makadirio ya ujenzi yatenge basi fungu la ukuta mmoja wa picha, na mchoraji wa Kayanga au Nkwenda aandikwe katika daftari lile lile la mishahara.