Istilahi za Urejeshaji wa Mto wa Mjini

Wafasiri wa nyaraka za mipango miji hukutana na dhana inayohitaji jina la hakika: kuutoa mto katika mfereji wa zege na kuurudishia hali yake ya asili. Mtu aweza kuiita kazi hiyo "ukarabati wa mfereji". Jina hilo halifai. Kukarabati ni kutengeneza kilichoharibika kiwe kama kilivyokuwa. Fundi aliyeagizwa kukarabati mfereji ataziba nyufa za zege, wala hatalivunja.

Tuchukue mfano wa Mto Kallang, Singapore. Kando ya bustani ya Bishan-Ang Mo Kio mto huo ulikuwa mfereji ulionyooka, wa kilomita 2.7, uliojengwa ili maji ya mvua yaondoke upesi. Kazi ya kuubadili ilianza mwaka 2009 na kumalizika mwaka 2012. Mfereji ulivunjwa, ukachimbwa mto wa kupindapinda wa kilomita 3.2, na kingo zake zikaimarishwa kwa mimea na mawe. Siku za kawaida maji hupita katika mkondo mwembamba. Mvua kubwa inyeshapo, hutanda bustanini, kisha hupungua.

Kwa kufuata mfano huo tunapendekeza istilahi hizi:

Urejeshaji wa mto: kazi nzima iliyoelezwa hapo juu. Kinachorejeshwa ni hali ya mto kabla ya mfereji.

Mzingo (wingi: mizingo): pindo la mto. Mizingo hupunguza kasi ya maji na kuuongezea mto urefu.

Uwanda wa mafuriko: ardhi ya kando ambayo mto hutanda ufurikapo. Isichanganywe na "eneo lililokumbwa na mafuriko", kwani uwanda huu huachwa makusudi upokee maji.

Makazi ya viumbe: mahali wanyama na mimea wanapopata riziki na kuzaliana. Maneno "ya viumbe" yasiachwe kamwe. Dar es Salaam, mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu wengi katika Bonde la Msimbazi. Tangazo la "kurejesha makazi bondeni" lingeweza kusomwa na watu kama hao kuwa ni ruhusa ya kurudi kujenga. Hapo upungufu wa maneno mawili ungehatarisha maisha.

Tunawaomba walimu na watumishi wa serikali wazitumie istilahi hizi kwa ukamilifu wake.