Kapteni aliyepandia ngazi ya Iringa

Mji wa Iringa ulianzishwa na mwanajeshi. Mwaka 1896 Tom Prince, ofisa wa jeshi la kikoloni la Ujerumani, alijenga kituo chake juu ya kilima ulipo mji, mwendo mfupi kutoka Kalenga, ngome aliyoshiriki kuivunja miaka miwili kabla.

Ukiusoma wasifu wake kwa macho ya Berlin, ni wa kupigiwa mfano. Alizaliwa Mauritius mwaka 1866, akasomea uanajeshi Ujerumani, akaja kwetu kijana, akapanda hadi kapteni. Askari na wenyeji walimwita Bwana Sakarani. Mwaka 1907 Kaisari Wilhelm II alimpa ukabaila, jina lake likawa Tom von Prince.

Mimi nausoma kutokea Kalenga. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa ameizungushia ngome hiyo ukuta wa mawe. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake lilikuwa limekisambaratisha kikosi cha Emil von Zelewski pale Lugalo, na Zelewski mwenyewe akauawa. Wajerumani walitaka kisasi. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele aliipiga ngome kwa mizinga, na Prince akawa miongoni mwa maofisa walioongoza askari kuingia ndani. Mkwawa akaponyoka.

Kilichofuata ndicho kinachompima Prince, na hakina fahari. Alishindwa kumkamata Mkwawa, akageukia waliomlisha. Vijiji vilichomwa, chakula kikaharibiwa, watu wakanyongwa. Desemba 1896 Mpangile, ndugu wa Mkwawa, alitawazwa na Wajerumani awe mtawala wa Wahehe. Februari 1897 wakamnyonga haohao, wakimtuhumu kumsaidia nduguye kwa siri. Huyu ni mtu waliyemkalisha kitini kwa mikono yao! Kisha likatangazwa donge la rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa.

Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi. Sajini Merkl wa jeshi la Wajerumani alifika na askari wake, kichwa kikakatwa kikapelekwa Iringa kwa Prince. Familia ya Mkwawa ikabaki na kiwiliwili cha kuzika.

Prince aliacha jeshi, akawa mlowezi Usambara, kwenye shamba lililoitwa Sakarani. Vita Kuu ilipozuka alirudi kazini, na Novemba 1914 akauawa Tanga, akipigana na jeshi la Waingereza.

Fuvu la Mkwawa, lililokuwa limepelekwa Ujerumani, lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, Ujerumani ikitakiwa kulikabidhi. Lilirudi mwaka 1954 tu, likiletwa na Gavana Edward Twining, na sasa limo ndani ya kioo katika makumbusho ya Kalenga. Anayetaka kumsifu kapteni yule kwa utumishi wake asimame kwanza mbele ya kioo hicho, kisha aulize habari za Mpangile, ambaye watoto wetu wa shule hawamjui kama wanavyomjua kaka yake.