Kinachohitaji Meza na Kinachohitaji Maandishi

Januari 1989, mjini Austin, Texas, Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM walikaa kula chakula cha mchana wakati wa mkutano wa IETF, chombo kinachotunga viwango vya kiufundi vya intaneti. Itifaki iliyokuwa ikielekeza njia kati ya mitandao, EGP, ilichukulia kwamba mitandao imeungana kama matawi ya mti. Njia zilipoanza kuzunguka, ilikwama. Wahandisi hao wakachora wazo jipya kwenye karatasi za kufutia mikono: mtandao unapotangaza njia, uambatishe orodha ya mitandao yote iliyopitiwa, unaojikuta ndani ya orodha uikatae njia hiyo. Ndiyo BGP, inayounganisha mitandao ya dunia nzima hadi leo.

Kwa barua pepe, sidhani kama wangefika pale haraka hivyo. Wazo changa halijapata maneno. Mmoja anachora mstari, mwenzake anaukata kabla haujaisha, na hakuna anayeona haya. Kwenye maandishi, mtu hutetea alichokwisha kuandika.

Hata hivyo IETF hukutana mara tatu tu kwa mwaka. Kazi nyingi hufanyika kwa barua pepe. Na ukumbini hawapigi kura. Kwa desturi, mwenyekiti huwaomba wanaokubali wavumishe sauti, "mmm", midomo imefumbwa, kisha wanaopinga. Ni vigumu kujua nani kavuma, kwa hiyo kijana haogopi bosi aliyeketi jirani. Korona ilipowazuia kukutana ana kwa ana, tangu Machi 2020 hadi walipoonana tena Vienna Machi 2022, vikao vilihamia mtandaoni, mvumo ukakosa pa kupita, ikabidi wabonyeze vitufe.

Lakini mvumo si uamuzi. Jambo lazima lirudishwe kwenye barua pepe za kikundi, na asiyekuwepo akileta hoja nzito ya kiufundi, mjadala unafunguka upya. Mhandisi wa Dodoma au Bujumbura aliyenyimwa viza, au aliyeshindwa na nauli, bado anahesabika. Kanuni hii naithamini kuliko mikutano yenyewe.

Vikundi vyetu vingi vya kiufundi vinateleza hapa. Vikitoka kwenye vikao vya hotelini hutuma maazimio bila kueleza sababu zake, na aliyebaki nyumbani hana hata pa kuanzia kupinga. Andikeni njia mlizozikataa na kwa nini mlizikataa. Muhtasari unaotaja nani alifungua kikao na nani alikifunga haumsaidii mtu anayetakiwa kesho asubuhi kuandika programu kwa kufuata maazimio hayo.