Udahili wa Januari na Masika ya Katavi

Kijana wa Katavi aliyechaguliwa kujiunga na mafunzo ya muda mrefu ya ufundi stadi kwa kawaida huambiwa aripoti chuoni mwezi Januari. Tarehe hiyo imezoeleka kwenye fomu za kujiunga kiasi kwamba hakuna anayeihoji, na mimi nadhani inafaa kuhojiwa. Mkoa huu haufanani na Pwani, Tanga au Kilimanjaro, ambako vuli na masika huachiana nafasi na watu wakapata ahueni katikati. Katavi ina msimu mmoja tu wa mvua, wa Novemba hadi Aprili, na ndiyo sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huitolea utabiri wake wa msimu pamoja na Kigoma na Tabora. Januari, basi, mvua imeshakolea na palizi imepamba moto. Tukijadili vyuo vifanye nini hali ya hewa ikichafuka, mara nyingi tunaanza na siku ya dhoruba yenyewe: nani afunge, kwa saa ngapi, vipindi vifidiwe vipi. Hayo ni ya lazima, lakini yamechelewa. Uamuzi mkubwa kuhusu mvua hufanywa miezi mingi kabla, pale inapopangwa tarehe ya udahili.

Tutazame njia kwanza. Kwa msafiri anayetoka nje, Mpanda, makao makuu ya mkoa, imefunguka: barabara ya Sumbawanga ina lami kwa sehemu kubwa, ya Tabora kupitia Inyonga na Sikonge nayo ina lami, na reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, iliyojengwa na wakoloni kwa ajili ya madini ya risasi, bado inafanya kazi. Lakini wanafunzi wengi wa Chuo cha VETA Mpanda, au wa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya kilichopo Nsimbo, hawatoki Tabora. Wanatoka Mwese, Mishamo, Karema, Ikola, Majimoto, Usevya. Safari zao huanzia kwenye barabara za udongo na makalavati, na mto ukijaa hakuna bodaboda atakayekubali kuvuka. Mwanafunzi akichelewa wiki mbili huhesabiwa mtoro, au nafasi yake hupewa mwingine, wakati kosa lake ni kuishi ng'ambo ya mto. Tena anayechelewa Januari hukosa wiki zile zile ambazo fundi hujifunza usalama wa karakana na majina ya vifaa, na pengo hilo humfuata mwaka mzima.

Njia ni nusu ya tatizo; nusu nyingine, na naiona nzito zaidi, ni pesa. Ada ya vyuo vya VETA imepunguzwa na Serikali hadi shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kwa mtu wa mjini ni ada ndogo. Lakini fomu ya kujiunga haiishii kwenye ada: kuna godoro, sare, ovaroli, vifaa vya mafunzo, nauli na fedha ya kujikimu. Familia ya mkulima huulizwa hayo yote katika mwezi ambao akiba imeshageuka mbolea na mbegu, chakula ghalani kinapungua, na shamba linadai kila mkono uliopo nyumbani. Mahindi na mpunga huvunwa kuanzia Mei. Tumbaku nayo huanza kuuzwa karibu na wakati huo kupitia vyama vya msingi, na malipo huweza kuchelewa tena baada ya hapo. Kaya ile ile inayoonekana Januari kuwa haina uwezo wa kumsomesha mtoto, Julai huwa inao. Tukisema vijana wa Katavi hawana mwamko wa ufundi, tunaweza kuwa tunapima kalenda tu. Na vijana wenyewe ni wengi: sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 mkoani, ya 2022 ikahesabu 1,152,958.

Hapa historia ina kejeli yake. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa msaada wa Sweden na kwa kuiga vyuo vya wananchi vya nchi za Skandinavia. Chuo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844, kutokana na mawazo ya mchungaji N. F. S. Grundtvig. Wanafunzi wake walikuwa vijana wa mashambani, na waliovianzisha walielewa jambo moja la msingi: mkulima husoma pale shamba linapomwachia. Kozi kuu ya wavulana iliendeshwa majira ya baridi, kuanzia Novemba, ardhi ikiwa imeganda na hakuna cha kulima. Wasichana walipangiwa kozi fupi ya kiangazi. Theluji, ambayo ingeweza kuwa sababu ya kufunga, ikawa sababu ya kufungua. Sisi tulichukua bweni, karakana na falsafa ya elimu isiyo na mwisho, ila kanuni ya majira tukaiacha kwao. Kwa mkulima wa Katavi, miezi inayolingana na baridi ya Denmark ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Kama chuo cha wananchi kingefuata asili yake, mlango wake mkubwa ungefunguliwa Julai.

Naijua hoja itakayofuata: tuzo za ufundi stadi ni za kitaifa, na mkoa mmoja hauwezi kujitungia mwaka wake. Ni hoja ya haki, ila haina uzito inaopewa. Kidato cha Tano huanza katikati ya mwaka na hakuna aliyewahi kusema kimevuruga taifa. Vyuo vingi vya kati vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, vina madirisha mawili ya udahili, la Septemba na la Machi. Mwaka 2020 shule na vyuo vilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya Korona, vyuo vikafunguliwa Juni Mosi, ratiba na mitihani ikasogezwa nchi nzima. Zaidi ya hapo, mafunzo ya ufundi stadi hupima umahiri: mwanafunzi aonyeshe kwamba anaweza kuunganisha waya au kunyoosha ukuta. Umahiri huo hauna mwezi wa kuzaliwa. Dirisha la pili la Julai, sambamba na lile la Januari, halihitaji mapinduzi. Linahitaji awamu mbili za upimaji na walimu wa kutosha kubeba makundi mawili. Hilo la walimu ndilo gumu kweli, na sitalifanya jepesi. Lakini Serikali inajenga vyuo vya VETA katika wilaya 64 zilizokuwa hazina, na ni afadhali kupanga madirisha sasa, ajira zikiwa bado zinapangwa, kuliko kuja kuyapachika baadaye.

Wengine watasema anayeingia Julai ataikuta mvua Novemba vilevile. Ataikuta, lakini akiwa tayari ana kitanda, ameshalipa, anawajua walimu na amejua kushika vifaa. Mwanafunzi huponyoka kirahisi zaidi katika wiki zake za mwanzo, na hizo ndizo za kulindwa. Aina ya fani nayo ina neno lake. Uashi hujifunzwa nje. Tofali bichi na mvua haviivani, na karibu ujenzi wote wa vijijini hufanyika kiangazi. Wanaoanza Julai wangekutana na kazi halisi mapema, kisha wakaingia madarasani mvua ikianza. Ushonaji na umeme wa majumbani havidhuriki hivyo. Kilimo ndicho kinachokwenda kinyume: kozi za mazao, ikiwa ni pamoja na za Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iliyopo Kibaoni, zinaihitaji mvua kama darasa. Fani hiyo iachwe na kalenda yake.

Yanabaki maswali ya siku ya dhoruba yenyewe. Vyuo vya jamii vya Marekani, ambavyo cha kwanza kilianzia Joliet, Illinois, mwaka 1901, hudahili mara kadhaa kwa mwaka na kwa kawaida huwa na utaratibu ulioandikwa wa kufunga kwa sababu ya theluji: nani anatangaza, na vipindi vinafidiwaje. Huku kwetu Afrika Mashariki amri ya kufunga huzoeleka kushuka kutoka juu. Kenya iliahirisha ufunguzi wa shule nchi nzima mwishoni mwa Aprili 2024 kwa sababu ya mafuriko, ikaahirisha tena, hadi zikafunguliwa Mei 13. Kwa janga la ukubwa ule, amri moja ilifaa. Kwa Katavi haifai sana, kwa sababu mvua inayokata barabara ya Mwese huenda isilowanishe vumbi la Inyonga. Mkuu wa chuo na bodi yake ndio wapewe madaraka ya kusimamisha mafunzo kwa siku chache, wakitumia ngazi tatu ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa tayari inazitumia: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kamati za maafa ambazo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imezishusha hadi kijijini zinaweza kuthibitisha ni barabara ipi imekatika, na uthibitisho huo ukamfikia mkuu wa chuo kabla jina la mwanafunzi halijafutwa.

Kuna pingamizi moja ambalo sina jibu lake kamili, nalo ni maji. Septemba na Oktoba visima hupungua, joto hupanda, na bweni lililojaa wanafunzi wapya kipindi hicho ni mzigo kwa chuo chochote kisicho na matangi. Dirisha la Julai lingehitaji bajeti ya kuvuna maji ya mvua ya mapaa, yale yale yanayomwagika bure kuanzia Novemba. Gharama hiyo iwekwe mezani pamoja na gharama ya viti vinavyobaki wazi kila Januari, kisha bodi za vyuo zilinganishe.