Kauli ya Kati: Kiungo cha Hoja

"Ikiwa mvua imenyesha na mto umefurika, basi mto umefurika au daraja limevunjika." Hoja hii ni sahihi, ingawa mvua haitajwi katika sehemu ya pili, wala daraja katika ya kwanza. Kiungo chake ni "mto umefurika": sehemu ya kwanza huizaa kauli hiyo, nayo huizaa ya pili. Kauli kama hiyo, yenye maneno yanayopatikana pande zote mbili tu, huitwa kauli ya kati.

Mwaka 1957 William Craig wa Marekani alithibitisha kwamba katika mantiki ya kawaida kauli ya kati haikosekani, mradi alama za ukweli na ukinzani ziruhusiwe. Mwaka 1962 Kurt Schütte alithibitisha vivyo hivyo kwa mantiki ya Kiintuisheni, isiyokubali kwamba kila kauli, au kanusho lake, ni kweli pasipo ithibati.

Je, sifa hiyo hubaki kanuni zikipunguzwa zaidi? Jibu haliwezi kukisiwa, kwani sifa hii hairithiwi. Mwaka 1977 Larisa Maksimova wa Novosibirsk alionyesha kwamba, kati ya mantiki za kauli zisizo na mwisho zinazoanzia ile ya Kiintuisheni na kuongezewa kanuni, ni 7 tu zisizojipinga zilizo nayo.

Upande wa chini, Ingebrigt Johansson wa Norway aliiondoa mwaka 1937 kanuni isemayo kwamba ukinzani huzaa kila kauli. Katika mantiki yake, anayekubali kwamba mto umefurika na haukufurika hawezi kudai kuwa mbuzi ana mabawa. Hata hivyo aweza kuhitimisha kwamba mbuzi hana mabawa! Sababu ni kwamba kukanusha kauli ni kusema kuwa kauli hiyo huleta ukinzani, na ukinzani umekwisha kuwapo. Kauli ya kati hapa ni alama ya ukinzani yenyewe.

Ithibati ya jumla hufuata njia ya Gerhard Gentzen: kila hatua ya hoja hupewa kauli yake ya kati, kuanzia hatua za mwanzo hadi hitimisho. Kanuni moja ikiondolewa, hatua nyingine husimama bila kuitegemea. Kwa hiyo sifa hubaki.

Wanafunzi na wajaribu: "Juma yuko shuleni, na akiwa shuleni kengele imelia, basi, ikiwa kengele ikilia chakula kiko tayari, chakula kiko tayari." Kauli ya kati ni ipi?