Begi la dawa likipotea kabla ya meli kung'oa nanga

Msafiri akipoteza begi la nguo, hasara yake ni ya fedha na usumbufu. Ataazima kanga kwa shangazi, atanunua kandambili sokoni, na harusi aliyoifuata itaendelea. Lakini ndani ya begi hilohilo kukiwa na insulini ya mtoto, vidonge vya kifafa vya baba au dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, hesabu inabadilika. Dozi ya jioni ina saa yake, na meli nayo ina saa yake.

Kwako wewe unayeishi Tongoni, Mwarongo au vijiji vingine vya barabara ya Tanga kwenda Pangani, safari ya kuvuka kwenda Pemba au Unguja si jambo geni. Ndugu wapo pande zote mbili za mkondo. Unatoka nyumbani alfajiri na daladala, unashuka mjini Tanga, unachukua bajaji hadi bandarini, na hapo mchukuzi anakupokea mzigo kabla hujauliza bei. Anayetoka Dar es Salaam, Moshi au Arusha anashukia stendi ya Kange, naye anaanza mzunguko huohuo. Kila mzigo unapobadilisha mikono, kuna nafasi ya kusahaulika juu ya gari, kubaki kwenye buti la basi, au kuchukuliwa na mtu mwingine kwa bahati mbaya. Mabegi ya shangazi kaja yanafanana kama mapacha.

Leo tuangalie ufanye nini iwapo wewe ni mgonjwa, au mzazi wa mtoto mgonjwa, begi halionekani na chombo kinaondoka baada ya saa chache.

Gawaneni kazi

Kosa la kwanza wanalofanya wengi ni familia nzima kulifuata begi. Baba anampigia kondakta, mama anamfuata mchukuzi, kaka anarudi stendi, na mgonjwa ameachwa amekaa juani. Baada ya saa tatu begi bado halijapatikana, na muda wa kutafuta dawa nyingine umekwisha.

Gawaneni. Mtu mmoja alifuate begi: akae na tiketi, namba ya gari na simu ya kondakta au ofisi ya basi. Mwingine ashughulikie dawa papo hapo, kana kwamba begi halitarudi kabisa. Likirudi, mtakuwa na akiba. Lisiporudi, mgonjwa atakuwa salama.

Anayeshughulikia dawa ajiulize maswali matatu. Dozi inayofuata ni saa ngapi? Dawa yenyewe ni ipi na ni ya nguvu gani? Je, inapatikana hapa tulipo kabla hatujaondoka? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua kama mnapanda au mnabaki.

Dawa zisizosubiri

Ya kwanza ni insulini, hasa kwa mtoto au kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Mwili wake hautengenezi insulini ya kutosha kuishi. Akiikosa, ndani ya siku moja sukari inaweza kupanda na damu ikajaa asidi. Dalili ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa nguvu na kwa kina, na pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana. Baharini ni rahisi kudhani kutapika huko ni kichefuchefu cha mawimbi, na hapo ndipo hatari ilipo. Usikubali pia ushauri kwamba kwa kuwa mtoto hajala, hahitaji sindano. Kiasi kinaweza kubadilishwa na mtaalamu, lakini kuiacha kabisa ni hatari.

Ya pili ni dawa za kifafa kama fenobabitoni, kabamazepini na valproeti. Zikikatishwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na hata kuendelea bila kukoma. Mtu anayepata degedege sitahani au ndani ya jahazi anaweza kuangukia majini.

Ya tatu ni dawa ya kuvuta ya pumu. Kama wewe au mtoto wako hupata shambulio mara kwa mara, usiingie melini bila salbutamoli mkononi. Moshi wa injini, upepo wa baridi na hofu vinaweza kuamsha pumu.

Wapo pia wanaotumia prednisoloni kwa muda mrefu, na wenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo wanaotumia atenololi au propranololi. Dawa hizi hazifai kuachwa ghafla. Anayetumia warfarini kwa sababu ya valvu ya moyo naye asikae siku kadhaa bila dawa.

Dawa za kufubaza virusi na za kifua kikuu ziko tofauti kidogo. Kuchelewa saa chache hakutakuangusha, lakini siku zikiongezeka unaipa virusi au bakteria nafasi ya kujenga usugu. Zitafute siku hiyohiyo.

Vidonge vingine vinavumilia zaidi. Amlodipini ya shinikizo la damu, kwa mfano, hukaa mwilini muda mrefu, hivyo kukosa dozi moja si sababu ya taharuki. Hata hivyo usiruhusu siku moja igeuke wiki nzima ya harusi. Na kwa dawa yoyote, usimeze dozi mbili kwa pamoja kufidia iliyopita isipokuwa umeambiwa hivyo na mtaalamu.

Wapi pa kukimbilia

Ukiwa Tanga mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo haiko mbali na bandari. Nenda na kadi ya kliniki kama imesalimika, na useme mapema kwamba una safari na dozi yako ni saa fulani. Kwa dawa za kawaida, famasi kubwa za mjini zinaweza kukusaidia. Duka la dawa muhimu lina orodha yake ya dawa linazoruhusiwa kuuza, hivyo usipoteze saa nzima ukizunguka madukani kutafuta insulini au fenobabitoni.

Anayetumia dawa za kufubaza virusi aende kliniki ya tiba na matunzo, yaani CTC, iliyo karibu. Si lazima iwe ile aliyojiandikisha. Aeleze kwamba ni msafiri na dawa zimepotea. Namba yake ya CTC itarahisisha kazi, na wahudumu wanaweza kuwasiliana na kituo chake. Usiogope kukaripiwa. Kupotelewa na begi si uzembe, na kunyamaza ndiko kutakakokuumiza. Mgonjwa wa kifua kikuu naye aende kliniki ya kifua kikuu akaeleze hivyohivyo.

Ukipewa insulini, soma jina kwenye kichupa. Ile ya kazi ya haraka, ile ya kazi ya muda mrefu na ile iliyochanganywa si dawa moja, na kiasi ulichozoea kwa moja hakihamishiki kwenda nyingine. Hakikisha pia bomba la sindano linalingana na nguvu ya insulini. Kichupa cha uniti 100 kwa mililita kinahitaji bomba la uniti 100.

Na usiazime vidonge kwa abiria mwenzako kwa sababu naye "ana presha". Kidonge cheupe cha mwenzako kinaweza kuwa dawa tofauti kabisa na chako.

Panda au baki?

Hapa ndipo penye mtihani. Tiketi zimekatwa, wenyeji wameshachinja mbuzi, na mjomba anapiga simu kutoka Wete akisema, "Njooni tu, dawa mtapata huku." Pengine ni kweli. Pemba kuna hospitali, ikiwemo ya Abdalla Mzee kule Mkoani, na za Chake Chake na Wete. Lakini chombo kinaweza kuchelewa, bahari inaweza kuchafuka, na mkifika usiku huenda famasi zimefungwa.

Kanuni ya kutumia ni hii. Kama dawa iliyopotea ni insulini, ya kifafa au ya kuvuta ya pumu kwa mgonjwa anayeitegemea, usipande mpaka uwe na ya kutosha safari yote pamoja na siku mbili tatu za akiba. Ukiipata, panda. Usipoipata, mgonjwa abaki na mtu mzima mmoja na wengine watangulie. Nauli inaweza kutafutwa tena. Kama ni dawa inayovumilia siku moja, na mwenyeji wenu amethibitisha kwa kwenda hospitali au famasi mwenyewe kwamba ipo, mnaweza kuondoka.

Mgonjwa ambaye tayari ana dalili, kama kutapika, kupumua kwa shida, degedege au kuchanganyikiwa, haendi bandarini. Anakwenda hospitali. Ukiwa Tanzania Bara unaweza pia kupiga namba 199, kituo cha huduma kwa mteja cha Wizara ya Afya, bila malipo, upate ushauri.

Mkumbuke kwamba Zanzibar ina Wizara yake ya Afya. Kabla ya kuvuka, uliza kama kadi yako ya bima inafanya kazi kwenye kituo unachokusudia, na uwe na fedha kidogo mkononi.

Mtoto baharini bila begi lake

Mkondo wa Pemba una maji mengi, na Kusi likivuma mawimbi yake huwatapisha hata wavuvi wa kubahatisha. Kwa mtoto, kutapika bila kunywa hugeuka upungufu wa maji haraka. Pakiti mbili za ORS hazina uzito wowote. Pakiti moja huchanganywa kwenye lita moja ya maji safi, naye anyweshwe kidogokidogo kwa kijiko. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi vitasaidia. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Mtoto mwenye selimundu anahitaji uangalizi zaidi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na kinachoamsha maumivu yake ni vilevile vinavyopatikana safarini: kukosa maji, baridi ya upepo na uchovu. Begi likipotea na haidroksiyurea ndani yake, dawa hiyo itafutwe siku zinazofuata. Lakini saa ileile nunua maji ya kutosha, mfunike kwa kanga au sweta la kuazima, na uwe na dawa ya maumivu aliyozoea. Akipata homa, mpeleke hospitali mara moja.

Begi likipatikana kesho

Mara nyingi begi huonekana na hutumwa kwa basi au boti inayofuata. Nguo hazina neno. Dawa zichunguze. Vidonge vilivyolowa, vilivyobadilika rangi au kushikana visitumike. Insulini iliyokaa saa nyingi kwenye buti la moto inaweza kupoteza nguvu bila kuonyesha alama yoyote. Ile inayopaswa kuwa angavu kama maji, ikiwa na ukungu au chembe, itupwe. Ile ya rangi ya maziwa, ikibaki na mabonge baada ya kuviringishwa taratibu viganjani, itupwe pia. Ukiwa na shaka, tumia mpya na upime sukari mara nyingi zaidi.

Kabla ya safari ijayo

Dawa zikae kwenye mkoba unaoshikwa na mgonjwa au mzazi, ule unaokwenda nao hata msalani. Mkoba huo haupewi mchukuzi wala haupandi juu ya gari.

Gawa dawa mara mbili. Sehemu kubwa ikae kwako, na ya siku tatu kwa mtu mzima mwingine mnayesafiri naye.

Usitoe vidonge kwenye kopo au pakiti yake ili kuficha ugonjwa. Wengi hufanya hivyo na dawa za virusi, kisha zikipotea hawawezi kueleza walikuwa wanatumia nini. Ficha mkoba ukipenda, lakini lebo iache.

Andika kwenye karatasi jina la dawa, nguvu yake, saa za kumeza, namba ya kliniki na simu ya ndugu. Piga picha karatasi hiyo, kadi ya kliniki na pakiti za dawa, kisha mtumie mtu aliyebaki nyumbani. Simu nayo hupotea.

Insulini iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne ikiwa mahali pa baridi pasipozidi nyuzi joto 25 hadi 30. Ifunge kwenye kitambaa kibichi ndani ya chombo, lakini isigusane na barafu. Iliyoganda haifai tena.

Begi kubwa liwe na alama, kipande cha kitenge au utepe wa rangi, na jina na simu ndani na nje. Dai lebo ya mzigo.

Kwa wanaoendelea kwa ndege, tuseme kwenda Muscat kwa ndugu au India kwa matibabu, kanuni ni ileile: dawa ziwe mkononi, pamoja na barua ya daktari. Baadhi ya dawa za kifafa na za maumivu makali hudhibitiwa vikali katika nchi za Ghuba. Begi lisipofika, ripoti kabla hujatoka uwanjani na uombe nakala ya fomu. Chini ya Mkataba wa Montreal, begi lisilofika ndani ya siku 21 huhesabiwa limepotea, nawe una haki ya kudai fidia. Siku 21 ni muda mrefu kwa anayesubiri fidia. Kwa anayesubiri insulini, hata siku moja ni nyingi.

Safari njema, na kabla hujafunga mlango leo usiku, angalia mkoba wa dawa umeuweka wapi.