Shabiki wa Lunga Lunga na baiskeli yake

Na MWANDISHI WETU

UKIFIKA Lunga Lunga jioni ya mechi kubwa, usimsumbue mtu kwa kumwuliza mpira unaonyeshwa wapi. Tazama baiskeli zimeegemezwa wapi. Ukuta utakaouona umejaa baiskeli mwanzo hadi mwisho, nyingine zimelala chini kwa kukosa pa kuegemea, ujue hapo ndipo penye banda la video. Ingia, lipa kiingilio, jibanze kwenye benchi, wala usiharakishe kumwuliza jirani yako anashangilia timu ya nchi gani. Hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Wewe msomaji wa Mombasa au Nairobi huenda unajihesabu shabiki sugu. Mechi ikiisha, unatembea hatua chache hadi kituo cha matatu na muda si muda uko kitandani. Huku mpakani ushabiki hupimwa kwa miguu. Mtu ametoka kijijini alfajiri akipiga pedeli kwenda kazini. Jioni anapiga pedeli kwenda kutazama mpira. Usiku wa manane, timu yake ishinde isishinde, sharti apige pedeli tena kurudi kwa mkewe na watoto.

Ni safari hiyo ya tatu ninayotaka tuizungumze leo, kwa maana yangu mimi nusura iwe ya mwisho.

Ukoo mmoja, nchi mbili

Lunga Lunga ni mji mdogo wa Kaunti ya Kwale, karibu kilomita 100 kutoka kivuko cha Likoni, kwenye barabara kuu iendayo Tanzania. Ukivuka mpaka unaingia Horohoro, na ukiendelea kilomita zipatazo 65 uko Tanga mjini. Kwa hiyo mtu wa Lunga Lunga, uwanja wa Mkwakwani ulioko Tanga uko karibu naye kuliko ule wa Mbaraki ulioko Mombasa, ingawa huo wa Mbaraki ndio wa nchi yake.

Mpaka wenyewe haukuchorwa na wenyeji. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana eneo hili kwa mstari ulioanzia mlango wa Mto Umba, karibu na Vanga, ukaelekea upande wa Kilimanjaro. Mstari huo ukapita katikati ya Wadigo na jirani zao. Hadi leo nyumba moja ina ndugu Kwale na ndugu Tanga. Harusi huvuka mpaka, matanga huvuka mpaka, na mapenzi ya mpira nayo hayakubaki nyuma.

Ndiyo maana katika banda moja utawakuta watu wa Gor Mahia na AFC Leopards, na watu wa Bandari, fahari ya Pwani iliyotwaa Kombe la Ngao mwaka 2015 na tena mwaka 2019. Bega kwa bega nao wamekaa Simba na Yanga, na wazee wenye jamaa Tanga ambao hawajachoka kukusimulia jinsi Coastal Union ilivyokuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1988. Januari 2019, Bandari ilipoifunga Simba 2-1 jijini Dar es Salaam katika nusu fainali ya SportPesa Super Cup, kuna watu waliokula chakula cha usiku siku ile bila kusemezana, na sahani ilikuwa moja.

Mke mkubwa

Nyumba ya mjomba wangu ni mojawapo. Yeye ni fundi cherehani mwenye kibaraza chake Lunga Lunga mjini, na ni Yanga damu. Mkazamjomba, mzaliwa wa Tanga, ni Simba. Wamelea watoto watano katika hali hiyo, na nadhani serikali zingekuja kwao kujifunza jinsi ya kuishi na upinzani.

Nyumbani kwao ni karibu kilomita saba kutoka mjini, kandokando ya barabara ya Mombasa. Mjomba huenda na kurudi kwa baiskeli siku sita za wiki. Piga hesabu: kilomita 14 kwa siku, 84 kwa wiki, na kwa mwaka zaidi ya kilomita 4,000. Nauli asiyoilipa ndiyo unga, ndiyo daftari za watoto, na zikisalia shilingi chache ndicho kiingilio cha mpira. Mwulize kama baiskeli ni umaskini, atakuuliza wewe ulilipa nauli kiasi gani mwezi jana.

Kila Jumapili asubuhi huigeuza miguu juu uani. Huipangusa fremu, huutia mnyororo mafuta, hukaza spoku moja moja na kuzungusha gurudumu huku amefumba jicho moja ili aone kama rimu imepinda. Kazi hiyo haitaki kuharakishwa. Mkazamjomba humpitia na ndoo ya maji na kusema, "Mwoshe vizuri mke mkubwa, sisi wadogo tutajiosha wenyewe."

Baiskeli na mpira ni marafiki wa zamani kwake. Ujanani alikuwa akifunga redio kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, akaendesha polepole ili asipoteze stesheni, akimsikiliza Leonard Mambo Mbotela akitangaza mechi. Mbotela, mzaliwa wa Pwani, alifariki Februari 2025, na mjomba husema kwamba mabao mazuri zaidi maishani mwake aliyaona kwa masikio.

Usifikiri kwamba baiskeli ni mgeni mipakani. Neno bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka mwingine, ule wa Kenya na Uganda upande wa Busia, ambako vijana walibeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Pikipiki zilikuja baadaye zikalirithi jina.

Usiku wa Cairo

Sasa nikupeleke Alhamisi ya tarehe 27 Juni 2019. Nilikuwa likizoni kwa mjomba. Usiku huo Kenya na Tanzania zilikutana Cairo katika Kombe la Mataifa ya Afrika, mpira ukianza saa tano usiku kwa saa zetu. Mkazamjomba alibaki nyumbani na redio yake. Mimi niliazima baiskeli kwa jirani, tukaondoka na mjomba.

Banda lilijaa hadi watu wakaning'inia madirishani. Dakika ya sita tu, Simon Msuva akaipa Tanzania bao la kwanza, nusu ya banda ikaruka. Mjomba alishika kichwa. Msuva alikuwa kijana wake wa Yanga, naye sasa anaifunga Kenya! Alicheka au alilia, sikumwelewa. Dakika ya 39 Michael Olunga akasawazisha kwa tikitaka, tukaruka sisi. Hatujakaa, dakika moja baadaye Mbwana Samatta akafunga. Mapumziko, Tanzania 2, Kenya 1.

Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha kwa kichwa dakika ya 62, na dakika ya 80 Olunga akamaliza kazi. Kenya 3, Tanzania 2. Hata hivyo timu zote mbili hazikupita makundi, lakini nani aliyajali hayo usiku ule?

Tulitoka ikikaribia saa saba. Hapakuwa na mwezi. Mimi nilivaa shati jeusi, na baiskeli niliyoazima haikuwa na taa wala kioo chekundu cha nyuma. Ya mjomba ilikuwa na dinamo ambayo waya wake ulikatika mwezi uliopita, na kila Jumapili alisema ataushughulikia wiki ijayo. Tukaenda sambamba, mimi upande wa katikati ya barabara, yeye upande wa ukingo, tukibishana kama tikitaka ile Olunga aliikusudia ama ilimtokea tu. Mkono wangu mmoja ulikuwa hewani, nikimwonyesha mguu ulivyopanda.

Honi niliisikia mgongoni. Lori lilikuwa limeshatufikia. Niligeuza usukani kushoto kwa hofu, nikamparamia mjomba, tukaingia mtaroni sote wawili, baiskeli juu yetu. Upepo wa lori ulitupitia na vumbi lake, likaenda zake. Simlaumu dereva. Pengine hadi leo hajui kwamba palikuwa na watu pale.

Kimya kikatanda. Kisha nikaisikia sauti ya mjomba gizani. "Mpwa, u mzima?"

"Mkono, mjomba. Nadhani umevunjika."

Akanyamaza kidogo. "Mimi goti." Akanyamaza tena. "Lakini aliikusudia, yule kijana."

Tulikokotana hadi nyumbani. Mkazamjomba alikuwa mlangoni na kurunzi. Alitumulika kuanzia juu hadi chini, akasema, "Kenya mabao matatu, Tanzania mawili. Na mimi nimeletewa majeruhi wawili." Kisha akaingia ndani kuchemsha maji, na ndipo nilipomwona akijifuta macho kwa ncha ya leso.

Mkono wangu ulipona, na ofisini mshahara wangu haukupungua. Mjomba ni fundi cherehani. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Goti lilimweka nyumbani wiki sita, pedeli ya baiskeli imesimama na pedeli ya cherehani imesimama. Zilikuwa siku za kushona sare za shule kabla ya muhula mpya, msimu wake mkubwa, nazo sare zilikwenda kwa fundi mwingine. Hakunilaumu hata siku moja. Ningependelea anilaumu.

Usirudie kosa letu

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa wewe au kijana wako ni mtu wa baiskeli na mpira, yasikie haya kutoka kwa aliyelala mtaroni.

Kwanza ni taa. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akikuona ukiwa mita 40 mbele yake, amebakiwa na muda usiofika sekunde mbili. Hapo hana la kufanya ila kupiga honi na kumwomba Mungu. Taa ndogo nyekundu nyuma na nyeupe mbele humfanya akuone ungali mbali. Bei yake hailingani na ya plasta ya mfupa.

Pili ni nguo. Usiku vaa kitu cheupe, au kile kizibao kinachong'aa kikipigwa na mwanga. Jezi ya timu yako ikiwa nyeusi, vaa shati jeupe juu yake. Ushabiki hautapungua.

Tatu, msiende sambamba. Hili ndilo gumu kwa mashabiki, kwa kuwa mechi ikiisha kila mmoja anataka kuwa kocha. Nendeni kwa msururu mmoja, upande wa kushoto, na mabishano yangojee hadi mfike. Olunga hatabadilisha bao lake kwa kuwa ninyi mmechelewa kulijadili.

Nne, taa za gari lijalo mbele zikikupofusha, usizikodolee macho. Angalia ukingo wa lami upande wako wa kushoto na upunguze mwendo. Usipoona kitu, shuka. Kusukuma baiskeli hatua ishirini si aibu.

Tano, ikague baiskeli mchana. Breki, tairi, mnyororo, waya wa dinamo. Usiku si wakati wa kugundua kwamba kesho ilikuwa jana.

Nanyi wenye magari mnaosoma haya mkiwa mmetulia mezani, nanyi nina neno nanyi. Mkiona baiskeli mbele usiku, teremsheni mwanga na mwachieni mtu nafasi mnapompita. Mzee Mbotela miaka mingi alituuliza redioni: Je, Huu ni Ungwana? Kumsukuma baba wa watu mtaroni ili uwahi dakika mbili, mjibuni wenyewe.

Taa nne

Mwaka jana si mwaka juzi, husema watu, lakini mengine hurudi. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa mashindano ya CHAN. Tarehe 22 Kenya ilitolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti jioni, na usiku huohuo Tanzania ikafungwa na Morocco bao 1-0. Zote mbili robo fainali, zote mbili siku moja. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, mume na mke walinuna kwa sababu moja. Na nchi hizi tatu ndizo zilizopewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, kwa hiyo safari za usiku bado zipo.

Nilikuwako tena usiku ule. Mjomba, goti lake likilalamika kila kilima, bado huendesha. Siku hizi huondoka na majirani watatu, na hakuna anayeruhusiwa kutoka uani bila taa. Waya wa dinamo ameuziba mwenyewe, tena kwa uzi wa cherehani na gundi.

Mimi nilibaki nyumbani na mkazamjomba. Mechi ya pili ilipokwisha alitoka, akasimama ukingoni mwa uwanja akitazama barabara ilivyo nyeusi. Muda ukapita. Kisha kwa mbali zikatokea taa, ndogondogo, moja nyuma ya nyingine, zikipanda na kushuka.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu."

Akangoja.

"Nne," akasema, akaingia ndani kupakua chakula.

Wewe je, msomaji? Baiskeli iliyoegemezwa nje ya nyumba yako leo, ina taa?